Rap, Lightning au Cushing: uanze na boti ipi ya torpedo?

Anayeunda mifano ya vyombo, akishashiba majahazi na meli za matanga, kuna siku hutamani kitu cha chuma: chembamba, chenye dohani, chenye moshi wake. Hapo ndipo boti za mwanzo za torpedo, bomu la majini la kuzamishia meli, huingia. Ni ndogo, umbo lake linaeleweka, na hazina msitu wa kamba wa kukukesha usiku. Swali linalorudi kila mara ni nianze na ipi, na majina yanayotajwa kwa kawaida ni matatu: Rap ya Norwei, Lightning ya Uingereza na Cushing ya Marekani.

Nitoe jibu mapema, asiye na muda aende zake: anza na Rap. Ila jibu hilo lina sharti, na sharti lenyewe ndilo linalowaangusha wengi. Ukishachagua boti hujamaliza. Bado hujachagua mwaka. Boti hizi zilizaliwa wakati silaha yenyewe ilikuwa ikitafutwa, kwa hiyo zilifumuliwa na kufungwa upya kadiri mafundi walivyopata mawazo mapya. Mfano wenye omo (sehemu ya mbele) ya 1879 na ubavu wa 1877 ni chombo ambacho hakijawahi kuelea popote.

| | Rap | Lightning | Cushing |
|---|---|---|---|
| Mwaka | 1873 | 1876 | 1890 |
| Ilikoundwa | Thornycroft, Chiswick | Thornycroft, Chiswick | Herreshoff, Bristol, Rhode Island |
| Urefu | kama mita 18 | mita 26.5 | mita 42.7 |
| Kasi | noti 14.5 | noti 18.5 | noti 23 |
| Torpedo | Whitehead, tangu 1879 | Whitehead za inchi 14 | mabomba 3 ya inchi 18 |
| Mwisho wake | ipo makumbusho ya Horten | ilivunjwa 1896 | ilizamishwa kama shabaha 1920 |

Noti moja ni maili moja ya bahari kwa saa, karibu kilomita 1.85. Kwa hiyo Rap ilikimbia kama kilomita 27 kwa saa, Lightning 34, Cushing 42 na ushei. Leo boti ya abiria ya kwenda Unguja inazipita zote bila jasho. Ila usizipime kwa leo. Devastation, manowari ya Kiingereza yenye deraya iliyoshushwa majini mwaka 1871 na kuogopwa kila pahali, ilifika noti 13.8 tu. Hapo ndipo namba za jedwali zinapoanza kusema kitu: Rap iliizidi kwa kiasi cha kusogelea tu, Lightning iliizidi kwa kiasi cha kuchagua ipige kutoka upande gani.

Yadi moja, wateja wawili

Rap na Lightning ni ndugu wa tumbo moja. Zote mbili zilitoka kwa John Thornycroft, kwenye kingo za mto Thames huko Chiswick, mahali palipojulikana kwa mashua za starehe kabla ya vita. Mwaka 1871 Thornycroft alikuwa ameunda mashua ya mvuke iitwayo Miranda, fupi kuliko mita 14, ikapita noti 16. Wahandisi wa siku zile waliamini kwamba chombo kifupi hakiwezi kukimbia hivyo. Yeye alitumia mabamba membamba ya chuma, boila ya aina ya garimoshi na injini nyepesi inayozunguka haraka, basi. Hakukuwa na muujiza, ni kupunguza uzito kila penye nafasi ya kupunguza.

Norwei ndiyo iliyofika kwanza na agizo la kivita. Ni nchi yenye pwani ndefu iliyochanika vipande vipande, ghuba nyembamba zinazoingia ndani kabisa ya milima, na visiwa visivyohesabika vya kujificha nyuma yake. Haikuwa na fedha ya kushindana na mataifa makubwa kwa manowari za deraya. Boti ndogo ya kuvizia ilikuwa hesabu iliyowafaa.

Uingereza ilikuwa na hesabu ya kinyume. Yenye meli kubwa nyingi ndiyo yenye mengi ya kupoteza, na torpedo ni silaha ya mnyonge. Hata hivyo ilinunua Lightning ili ijue kitakachokuja kuipiga. Jambo hili lieleweke mapema, kwa sababu ndilo linaloeleza maisha yote ya boti hiyo: haikununuliwa ikapigane, ilinunuliwa ifundishe. Iliwekwa chini ya Vernon, chuo cha torpedo cha jeshi la maji pale Portsmouth, na humo ikatumika kwa majaribio na mafunzo hadi ilipovunjwa. Baadaye ilibadilishwa jina ikaitwa Boti ya Torpedo Namba 1, jina la kikarani, lakini la kweli.

Silaha ndiyo inayochagua umbo

Usipoelewa torpedo, utajenga sitaha usiyojua ya nini. Mwanzoni torpedo haikuwa inakwenda. Ilikuwa baruti ndani ya pipa, imefungwa kwenye ncha ya upondo mrefu uliotokeza mbele ya mashua. Ulitakiwa uisogelee meli ya adui mpaka uiguse. Oktoba 1863, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, karibu na Charleston, boti ya waasi wa Kusini iitwayo David iliigonga New Ironsides kwa njia hiyo, ikaiumiza bila kuizamisha. Mwaka mmoja baadaye, usiku wa tarehe 27 Oktoba 1864, luteni wa Kaskazini William Cushing alipanda mto Roanoke kuiendea Albemarle, meli ya deraya iliyozungushiwa uzio wa magogo. Aliiparamisha mashua yake juu ya magogo, akauteremsha upondo chini ya ubavu wa meli huku risasi zikimvua nguo, akavuta kamba. Albemarle ilizama. Mashua yake pia ilikwenda. Katika watu wake wengi walitekwa, wengine walikufa maji. Yeye na mwenzake mmoja ndio waliofika salama.

Hilo ndilo jina lililowekwa kwenye boti ya 1890, na kuna kejeli kidogo ndani yake: Cushing ya chuma iliundwa ili mtu asilazimike tena kufanya alichofanya Cushing wa nyama.

Aliyebadilisha mambo ni Robert Whitehead, mhandisi Mwingereza aliyekuwa na kiwanda Fiume, bandari ya Austria wakati huo, leo Rijeka nchini Kroatia. Akianzia kwenye wazo la ofisa Giovanni Luppis, mwaka 1866 alitoa torpedo inayojiendesha kwa hewa iliyoshindiliwa. Ndani yake kulikuwa na vali inayohisi uzito wa maji, na mwaka 1868 ikaongezwa timazi, viwili hivyo vikishirikiana kuishikilia torpedo kwenye kina kimoja. Sehemu hiyo ilikuwa siri ya biashara, na mataifa yalilipa fedha kuijua. Kufikia 1876 torpedo ya Whitehead ilikwenda kama noti 18 kwa umbali wa mita 550 hivi.

Sasa rudi kwenye jedwali uone tatizo la fundi. Boti inakwenda noti 18.5. Torpedo yake inakwenda noti 18. Torpedo yenyewe ina urefu wa mita 4 na zaidi, na upana wa Lightning ni mita 3.3 tu, kwa hiyo huwezi hata kuilaza kwa kuikingamisha. Utaitupaje majini bila kuikimbia mwenyewe?

Jibu la kwanza lilikuwa vishikio viwili, kimoja kila ubavu, katikati ya boti. Kishikio kinaikumbatia torpedo, kinateremshwa mpaka majini, torpedo inaachiwa. Ili kazi hiyo ifanyike boti ilibidi ipunguze mwendo, yaani ijinyime kitu kile kile ilichoundiwa, na ifanye hivyo mbele ya mizinga ya adui. Huo ndio ubavu wa Lightning ya 1877. Mwaka 1879 vishikio viliondolewa, likawekwa bomba moja la kurushia kwenye omo, na torpedo mbili za akiba zikalala katikati ya sitaha zikisubiri kusogezwa mbele. Tangu hapo boti iliweza kumlenga adui kwa kujilenga yenyewe, na kurusha ikiwa mbioni.

Kwa macho yangu, miaka hiyo miwili ndiyo yenye utamu mkubwa kuliko kitu chochote katika habari ya boti hizi zote tatu. Unaona fikra ikisogea kutoka ubavuni kwenda omoni.

Rap nayo ilipita njia hiyo kwa mwendo wake. Ilipoundwa, torpedo zilizokusudiwa ni zile za kizazi cha zamani, zisizojiendesha. Mwaka 1879, mwaka ule ule wa bomba la Lightning, ndipo ilipofungiwa reki za kurushia Whitehead. Wanaobishana ipi ilikuwa boti ya kwanza ya torpedo duniani wanagombania maana ya neno "kwanza". Rap ilitangulia kuundwa. Lightning ilitangulia kuundwa kwa ajili ya Whitehead. Mimi sioni sababu ya kumaliza ugomvi huo, ila ukiandika kibao cha mfano wako, andika unachokusudia.

Cushing, dunia nyingine

Kati ya Lightning na Cushing imepita miaka 14, na inaonekana. Tani 32.5 zimekuwa tani 116. Watu 15 wamekuwa 22. Rafadha, panga za kusukuma chombo, ni mbili. Mabomba ya torpedo ni matatu, na pamoja nayo ipo mizinga mitatu midogo, kwa sababu kufikia 1890 boti ya torpedo ilihitaji kujitetea dhidi ya boti zenzake. Iliundwa na Herreshoff wa Bristol, Rhode Island, familia iliyojulikana zaidi kwa mashua za mashindano. Hata hivyo Chiswick haikukosekana: boila zake mbili zilikuwa za aina ya Thornycroft, zile ambazo maji hupita ndani ya neli na moto kuzizunguka.

Cushing iliingia kazini Aprili 1890 ikiwa boti ya kwanza ya torpedo kupewa namba katika jeshi la maji la Marekani. Mwaka uliofuata ilihamia kituo cha torpedo cha Newport kwa majaribio, kama Lightning ilivyokuwa Portsmouth. Tofauti ni kwamba yenyewe ilikuja kuitwa vitani, na kabla ya vita ikaitwa kuwa tarishi.

Mapema 1898 ilikuwa ikipeleka barua na vifaa kati ya Key West na Havana, ambako manowari ya Marekani Maine ilikuwa imetia nanga. Tarehe 11 Februari, njiani kuelekea Havana, bahari ilimzoa ofisa kijana Joseph Breckinridge kutoka sitahani. Mpishi wa boti, Daniel Atkins, na fundi wa mizinga John Everetts walijitahidi kumwokoa. Hawakufanikiwa. Wote wawili walitunukiwa Medali ya Heshima, nishani ya juu kabisa ya kijeshi nchini mwao. Siku nne baadaye Maine ililipuka pale bandarini. Ukitazama picha ya sitaha ya Cushing utaelewa kilichomtokea yule ofisa: ni mgongo wa chuma uliopindika ili maji yateleze, na mtu naye huteleza.

Katika vita vyenyewe, vya Marekani na Hispania, ilizunguka kwenye maji ya Cuba. Tarehe 7 Agosti ilikamata vyombo vidogo vinne. Siku nne baadaye, mashua zake zikishirikiana na za boti Gwin, vikakamatwa na kuchomwa vingine viwili. Novemba ikastaafishwa, na mwaka 1920 ikamalizwa kama shabaha ya mizinga.

Kwa anayependa habari za watu, Cushing inashinda bila mjadala. Lightning haina mpishi wake. Picha zake nazo zipo na ni safi, nyingine zimehifadhiwa Library of Congress, na zinaonyesha vitu ambavyo ramani za uundaji huvipuuza.

Lakini ngoja. Ikiwa unachotafuta ni boti iliyopiga, hakuna hata moja kati ya hizi tatu iliyozamisha manowari ya adui kwa torpedo. Waliofanya hivyo ni wengine. Mei 1877, kwenye mto Danube, luteni Dubasov wa Urusi aliizamisha Seyfi ya Uthmaniya kwa torpedo ya upondo akiwa kwenye boti Rândunica. Januari 1878, karibu na Batum, mashua mbili za mvuke za Makarov, ofisa mwingine wa Urusi, ziitwazo Chesma na Sinop, zikaizamisha Intibah kwa torpedo za Whitehead, na hiyo ndiyo meli ya kwanza kuzama kwa torpedo inayojiendesha. Agosti 1884, pale Fuzhou, boti za Kifaransa namba 45 na 46 ziliingia katikati ya meli za China na upondo. Namba 46 iliipiga Yangwu, na muda si mrefu kombora likaitoboa boila yake yenyewe. Hizo ni habari nzuri za kusimulia, ila kwa muundaji anayeanza ni taabu, maana mashua ya Makarov ilibebwa juu ya meli nyingine, na mfano wake bila meli mama ni nusu ya habari.

Basi uchague vipi

Nimesema Rap, na sababu kubwa ni moja: bado ipo. Ipo Horten, kwenye makumbusho ya jeshi la maji la Norwei yaliyoanzishwa 1853, miongoni mwa ya kale kabisa duniani ya aina yake. Ukiwa Oslo unashuka kwa treni hadi Moss, unavuka ghuba kwa kivuko, umefika. Kwa ndugu zetu wanaoishi Skandinavia ni safari ya siku moja na kurudi. Nenda na futi kamba, penseli na simu yenye nafasi ya picha. Kitu kilichopo hakibishani nawe: mshono wa mabamba, mpindo wa omo chini, nafasi kati ya ribiti na ribiti, mahali rafadha inapokaa. Tahadhari ni moja. Unachokiona ni boti iliyopitia mikono mingi, siyo Rap ya siku ilipotoka Chiswick. Ukitaka ya 1873, reki za torpedo hazipaswi kuonekana, na sitaha yako itakuwa tupu kuliko unavyotarajia.

Asiyefika Horten asikate tamaa. Rap ni fupi, na kwa kipimo cha 1:24 inatoka kama sentimita 75, inayokaa kwenye kabati la kawaida na bado ukaiona ribiti. Mwili wake unaweza kuukata kwa mbao laini, ukaufunika kwa karatasi nene au bati jembamba, ukapiga rangi. Wenye kuanza na bati la shaba moja kwa moja huishia kulikunja mara tatu kabla ya kulikubali.

Lightning mchukulie yule ambaye kichwani mwake swali ni silaha ilifanyaje kazi. Kwa 1:24 ni sentimita 110, mzigo kwa nyumba ya kupanga. Kwa 1:48 ni 55, na hapo torpedo yake inabaki na unene wa milimita 7 hivi, bado unaweza kuichonga kwa mkono. Ningekushauri ya 1879, yenye bomba omoni na akiba zake katikati. Ya 1877 ni rahisi zaidi kuunda, ila mtazamaji asiyejua ataona mashua ya starehe iliyobeba samaki wawili ubavuni, na utakuwa na kazi ya kueleza kila mgeni.

Cushing nayo mwachie aliyekwisha unda angalau kitu kimoja cha chuma. Kwa 1:48 inafika sentimita 89, na sitaha ina mambo mengi. Kwa 1:72 inashuka hadi 59, lakini mizinga inakuwa midogo kiasi cha kutafuta kioo cha kukuzia. Omo yake ya mgongo wa kobe ndiyo inayowashinda wengi: imepinda pande mbili kwa wakati mmoja, na bati halikubali hivyo bila kukatwa vipande.

Kwa msomaji wa Kigoma au Kalemie kuna njia nyingine, nayo inatoka kwa fundi yule yule. Mimi na Toutou, boti mbili za Kiingereza zilizoburutwa kutoka Cape Town kwa reli na matrekta ya mvuke kupitia Katanga hadi Ziwa Tanganyika, ziliundwa na kampuni ya Thornycroft. Hazikuwa boti za torpedo. Zilikuwa za mbao, za injini ya petroli, zenye urefu wa mita 12 na mzinga mmoja mbele. Ila tarehe 26 Desemba 1915 ziliiteka Kingani ya Wajerumani kwa hesabu ile ile iliyoiuza Rap kwa Wanorwei: kuwa ndogo, kuwa na kasi, kutokea pasipotarajiwa. Kwa 1:24 Mimi ni sentimita 50. Ukiiweka kando ya Rap ya kipimo hicho, unaona miaka 42 ya kampuni moja kwenye rafu moja, na ya pili inakuchukua nusu ya muda kwa sababu haina boila wala dohani.

Ila kama rafu inatosha mbili tu na moyo wako uko kwenye torpedo, basi iwe Rap ya baada ya 1879 na Lightning ya mwaka huo huo, zote 1:48: moja sentimita 37, nyingine 55. Zipake rangi baada ya kuzilinganisha kwenye mwanga wa mchana, siyo chini ya taa ya meza.